Jina Chini ya Kiatu

Mwaka ule theluji ilifika dirishani.
Mwalimu, kijana aliyeletwa kutoka mji wa mbali,
alisimama karibu na jiko la makaa
akatufundisha kwamba hakuna watu waitwao Wakurdi.
Ni sauti tu, alisema. Mtu wa milimani
akikanyaga theluji iliyoganda, kiatu hulia
kart, kurt, kart, kurt,
ndipo wakaitwa hivyo, kama mtoto amwitavyo paka nyau.
Tulicheka. Nilikuwa na miaka tisa.
Nilicheka kwa lugha yake.

Nyumbani ami Hishyar hakucheka.
Alipiga meza, istikani zikaruka:
"Sisi ni Wamedi! Tuliiangusha Ninawi
babu zake huyo wakiwa bado
hawajui farasi ana miguu mingapi!"
Mjomba Tahsin, ambaye hukubali jambo
pale tu linapomuudhi mwenzake,
alitia bonge la sukari shavuni, akapitishia chai.
Lugha ya Wamedi, alisema, imebaki punje za majina.
Nani amtambuaye babu yake kwa punje?
Yeye na Wakarduki, Wakarduki na yeye:
wale walioporomosha mawe, bonde hadi bonde,
juu ya askari wa Kiyunani waliokuwa wanajirudia kwao.
"Watu wanaorusha mawe kabla ya salamu,
hao ni wetu. Sitaki ushahidi mwingine."
"Majina kufanana si hoja," ami akafoka.
"Jirani yetu anaitwa Sher, yaani simba.
Mkia wake uko wapi?"

Mgeni wetu, mwuza asali kutoka ng'ambo ya mpaka,
akathubutu: kwa Waajemi wa kale, alisikia,
neno hilo lilikuwa la mtu yeyote
mwenye hema na kondoo.
Kimya.
Kisha, kwa mara ya kwanza tangu waoleane dada,
ami na mjomba wakawa kitu kimoja,
dhidi ya asali yake.

Bibi Zarife hakuwamo.
Alikuwa kwenye kona, mikono ndani ya jibini hadi viwiko,
akichanganya majani ya kitunguu mwitu
tuliyoyachuma Mei huku vidole vikifa ganzi.
Alijaza mitungi ya kufukia ardhini
na kwa kila mtungi alinong'ona
mek, yerku, yerek, chors.
Nilidhani ni dua.

Miaka ikaenda. Binamu Rojbin, aliyeko Bremen,
alitema mate ndani ya kichupa, akayatuma kwa posta,
yakarudi yamekuwa asilimia.
Alitusomea kwa simu, ami na mjomba
wakiwa wameinamia kifaa kama wanaota moto.
Asilimia ya kwanza ilimpendeza ami.
Ya pili, mjomba aliidai papo hapo.
Ya tatu ilikuwa na jina la watu
ambao makanisa yao sisi twayafanya mazizi,
na hakuna aliyeomba irudiwe.
Bibi peke yake ndiye aliyecheka kidogo, puani.
"Mama aliokotwa," alisema. "Alikuwa anajua kuhesabu."
Akaomba asogezewe blanketi.
Hatukuuliza. Tulikuwa na maswali ya miaka elfu tatu,
la miaka mia moja lilitushinda.

Tulimzika Februari. Njia ilikuwa imezibwa,
ikabidi tumbebe tangu kwenye mkunjo wa barabara.
Ami mbele kulia, mjomba mbele kushoto,
hata hapo hawakuweza kulinganisha hatua,
jeneza likawa linayumba kama lina la kusema.
Nilikuwa nyuma. Nilitega sikio kwenye viatu vyetu,
aibu ya miaka tisa ikiwa bado imenikwama kooni.
Kweli, vililia.

Halafu nikasikia vingine.
Wanajandarma wawili walitufuata hadi makaburini,
vijana, pua nyekundu, bunduki begani,
kuhakikisha tunazika tu.
Buti zao mpya za serikali
zilikanyaga theluji ileile, zikilia
kart, kurt,
kart, kurt.