Hesabu ya Kusimama

Ndelilio ameniletea diski zenye matundu,
zinang'aa kama sahani za harusi.
Kazinunua Kilombero kwa bei ya mbuzi wawili,
anataka nizifunge kabla ya Jumamosi.
Nazigonga kwa spana. Zinalia bati.
Chuma cha kweli kikigongwa huimba,
sauti ndefu, inakaa sikioni mpaka umeze mate.

Rudisha, namwambia. Matundu ni ya lami.
Kule Kisongo yatajaa udongo,
na kila tundu litaficha changarawe
ikwangue pedi usiku na mchana
kama panya kwenye gunia la mahindi.
Wewe chukua bapa: zito kidogo, jeusi, halina sura.
Ananuna. Ana miaka ishirini na mitatu
na picha yake imebandikwa kwa kinyozi, Sakina.

Haya, pedi.
Naweka aina mbili juu ya meza yenye grisi.
Hii ngumu haiumi mpaka ipate moto;
ni mlevi wa asubuhi, haamki bila supu.
Lami ingeipasha. Vumbi halipashi kitu:
tairi linateleza, breki inabaki baridi,
umefika kona ya pili, mwenzio bado amelala.
Hii laini inauma ikiwa baridi, inaachia upesi.
Inakwisha upesi pia.
Ndiyo. Najua. Najua habari ya hela.

Tunahesabu noti juu ya boneti,
moja imekunjwa kama hirizi.
Zinatosha mbele tu.
Basi mbele mpya, nyuma zile zile,
akazichonge Jagtar pale Unga Limited
kwenye mashine ya marehemu baba yake,
unywele tu, asizidishe,
zisije zikawa karatasi.

Hajaniuliza nimejuaje.
Mwaka ule wa tope, Oldonyo Sambu,
nilikuwa kiti cha kushoto, daftari la kona mapajani.
Penieli alikanyaga, pedali ikazama
kama kijiko kwenye uji.
Boksi la pedi lilikuwa na rangi yake sahihi;
herufi moja tu ilikosewa.
Tuliingia shamba la maharage,
maharage yakatupokea.
Mwenye shamba alitudai debe sita,
tukalipa tukicheka, mikono ikitetemeka.
Penieli hakushika tena usukani wa mbio.
Mimi nasoma maboksi hadi leo
kama mtu asomaye barua ya talaka.

Ijumaa alfajiri, barabara ya Ngaramtoni,
Meru amejifunika mpaka shingoni.
Mara kumi, namwambia, punguza, usisimame.
Pedi na diski hazijajuana bado, usizilazimishe.
Kanyaga kama unayeonja chai ya mtu mwingine.
Mara ya saba inatoka ile harufu,
kali kidogo, nywele na sarafu.
Namwachia aendelee. Mara ya kumi,
pedali inasimama pale pale, juu, imara,
naye anageuka kuniangalia
kana kwamba nimemkabidhi kitu.

Jumamosi watu walipiga kelele
kila gari lilipopita likitimua vumbi.
Hakuna aliyeshangilia pale kwenye kona ya tangi,
mguu mmoja mfupi, taa nyekundu zikikonyeza,
mkia ukizunguka taratibu, pua ikitazama njia.
Mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa kitambaa.
Sikuwa nimeuziba kwa sababu ya vumbi.

Wa nne.
Analalamika, anavua kofia, anadai maji.
Nachuchumaa kwenye gurudumu,
kiganja karibu, bila kugusa.
Diski ni ya kijivu, haikuota ubuluu.
Pedi zimebaki unene wa njiti tatu za kiberiti.

"Kwani na zile zenye matundu ningeshinda?"

Natoa njiti ya nne kwenye boksi,
nawasha jiko,
nabandika chai.