Meneja Bila Kadi

Saa nane mchana, na mjini Kemi giza limeshaingia.
Taisto Keränen ameileta kompyuta maktabani
ndani ya mfuko wa duka la samaki.
Diski haisomeki, anasema,
na humo mna picha za Hilkka,
za miaka yote.

Nikaiita programu ya kukarabati diski
kwa jina la msimamizi mkuu,
yule awezaye kufuta kila kitu mashineni
asiulizwe na mtu kafuta nini.
Nikatoa nywila. Ikapokelewa.
Kisha mstari mmoja, mkavu kama ubao:
skrini haifunguki.

Nikarudia. Haifunguki.
Nikarudia tena, kwa ujinga,
kama abonyezaye kitufe cha lifti mara kumi.

"Nani anakataa?"
Skrini, nikasema.
"Na anayekataliwa?"
Bwana wa mashine nzima.

Akacheka hadi miwani ikaingia ukungu.
Miaka thelathini na moja alikaa langoni
pa kiwanda cha karatasi, zamu ya usiku,
na Februari moja akaja meneja mwenyewe,
kofia ya manyoya, gari linanguruma,
bila kadi.
"Nikamwambia: kiwanda chako, lango langu.
Akasimama kwenye baridi dakika arobaini
mpaka mkewe akaileta,
gauni la kulalia limechungulia chini ya koti."

Basi ndiyo hii, nikamwambia.
Skrini niliifungua mimi asubuhi, kwa jina langu,
nikapewa kijikaratasi cha siri,
nacho kimo kwenye droo yangu, si yake.
Mkubwa hapigi hodi. Anaamrisha tu,
na hajui hata skrini ni namba ngapi.

Ipo njia fupi: kumfungulia kila apitaye.
Neno moja na alama ya kujumlisha.
Nimewahi kuitumia, Mungu anisamehe.
Taisto akatikisa kichwa sijamaliza.
"Kwa ajili ya meneja mmoja
uliache lango wazi usiku kucha?
Andika jina lake. Lake tu."

Nikaandika. Lake tu.
Nikamwelekeza skrini iliko, namba sifuri,
nikabisha.

Kidirisha kikafunguka, kijivu, bila haya,
na diski humo imelala vipande vitatu,
kimoja chekundu.
Picha hatukuziona. Tuliona mahali zilipo:
gigabaiti kumi na nne za Hilkka.

Hadi saa kumi na moja ndipo wekundu ukatoka.
Picha ya kwanza iliyokubali, nusu yake ukungu:
Hilkka, amefumba macho, ameshika kijiko.
Taisto hakusema kitu.
Akapenga kamasi, akavaa glavu moja.

Nilikuwa nazima taa za rafu za nyuma
akaniita.
"Umeshamtoa?"
Nani?
"Meneja. Kazi yake imekwisha."

Nikarudi kwenye kiti, koti mwilini,
nikalifuta jina.