Maswali Ishirini na Nane

Saa nane za usiku, Kutaisi.
Hita ya umeme inanuka vumbi lililoungua,
mto Rioni unasuguana na mawe yake meupe chini ya dirisha,
na Tekle ameagiza jambo dogo tu:
nionyeshe ulichonirudishia.

Mashine ikajibu: Kitu. Kiko hapa.
Ikataja chumba cha kumbukumbu kilikolala,
tarakimu na herufi zilizoshonana kama namba ya gari la serikali.
Basi.
Kaomba barua, kapewa anwani ya bahasha.

"Kwamba kipo najua," anaiambia skrini. "Kina nini?"

Anakilazimisha kifunguke. Sifa zake zinamwagika
kama mfuko wa mtu aliyekamatwa, ukipinduliwa mezani kituoni:

    kutoka: kliniki ya figo
    kwenda: Nazibrola, Tskaltubo
    hali: imefika
    sehemu: moja
    bei: ndogo
    kosa:

Mbele ya kosa pana weupe. Hapo anakaa muda mrefu.
Maana kuna kutokuwepo na kutokuwepo.
Hakuna: usijisumbue kutafuta.
Hapana: pale pale ulipopanyoshea kidole, pako wazi.
Hamna: chungu kipo, kifuniko kipo,
funua ujionee kitako chake.
Mashine nazo zina tupu za aina aina, na kila moja huuma kivyake.
Hii ni hamna.

Imefika. Imefika, na bado juzi Jumanne
mama wa miaka sabini na sita alipanda basi dogo kwenda kusafishwa damu
akakuta mlango umefungwa, zamu imesogezwa hadi Jumatano.
Alikaa ngazini mpaka mlinzi akamtolea kiti.
Akaulizwa, hukupata ujumbe?
Akasema, niliupata.
Wakatazamana. Wakasema ni uzee.

Tekle anaongeza mstari: chapisha mwili.

    mwili: ????????? ??? ?? ????????, ?????? 14:00

Anacheka kwanza. Halafu hacheki.

Herufi za Kijojia, thelathini na tatu, zilizojikunja kama vikonyo vya mzabibu,
kila iliyopita hapa imegeuzwa ndoana.
Mkato umepona. Saa imepona. Saa ya siku gani?

Anaufuata uzi hadi mstari wa mia mbili na kumi na mbili:
Zviadi, mwezi wa Novemba, mkono mwepesi,
ondoa herufi ghali.
Kwani ujumbe wa Kijojia hukatwa kwenye herufi ya sabini,
wa Kilatini huvuta hadi mia na sitini,
na tetri kwa tetri, mwisho wa mwezi, huwa lari.
Hesabu yake haikuwa na dosari.
Ndiyo taabu yake.

Angeweza kufunga kompyuta hapo. Lakini kitu kile kina jirani:
katika orodha ile ile, dakika kumi na moja baadaye,
kingine, kimeelekea upande wa pili,
ambacho hakuna programu iliyotumwa kukisoma.

    kutoka: Nazibrola
    mwili: diakh

Diakh. Ndiyo, ile ya adabu, ya kumwambia daktari,
imebofywa kwa Kilatini kwenye simu ya vitufe,
kidole kikubwa, miwani imesukumwa juu ya paji.
Maswali ishirini na nane kwa mpigo,
hakulielewa hata moja,
akayajibu yote.

Mstari wa Zviadi bado uko palepale.
Tekle anaanza na huyu: anaandika kwa mkono, herufi zote ruksa,
samahani mama, zamu yako ijayo ni,
anaangalia ratiba, anaandika siku,
kidole kinasimama juu ya kitufe.

Saa nane na nusu. Mama amelala.
Anatega kengele ya saa moja asubuhi
na kuigeuza hita, upande wa pili wa miguu.