Kopo la Kijivu

Vendelín amebeba makopo mawili,
jeupe, na jekundu la njia kuu.
La tatu, la kijivu, kanipa mimi
wala hakusema ni la nini.

Tulishuka garimoshi la alfajiri,
tukapanda na misonobari hadi ilipokoma,
tukavipita vile vifupi vinavyotambaa
kama watu wanaojificha upepo,
kisha ikawa matale matupu, Tatra yenyewe,
jiwe juu ya jiwe juu ya jiwe.
Hakuna udongo hapa wa kushika unyayo.
Umepita, hukupita, mlima haujui.
"Ndiyo maana tupo sisi," akasema,
akahema, akakamata goti.

Brashi ya waya kwanza.
Ukoga ukibaki, theluji itaibandua rangi
kama ngozi ya maziwa.
Nasugua. Vumbi la itale lanuka kiberiti.
Kisha kibati chenye tundu la mraba,
sentimita kumi kwa kumi:
nyeupe, nyekundu, nyeupe,
na mkono usitetemeke.
Nilidhani nimemaliza.
Akanishika mabega, akanigeuza:
"Sasa mchoree anayerudi."

Sikuwahi kuwaza kwamba anayerudi
haoni jiwe lile lile.

Miaka thelathini na mmoja
anauandikia mlima neno moja:
huku. Huku. Huku.
Mawe anayajua kwa visa vyao.
Hili hunywa rangi kama mlevi wa Jumamosi.
Pale Kvetoslava, mkewe, alivua viatu,
akaapa hatavivaa tena, akavivaa.
Na hapa, siku ya ukungu, Mpolandi mmoja
alilikumbatia jiwe lenye alama, akalia,
kisha akaomba radhi, kwa jiwe.

Mbuzi-mwitu mwenye pembe za ndoana
alitutazama kutoka kwenye ukingo
ambao hauna alama yoyote
wala yeye hakuihitaji.

Saa nne tukafika bondeni, pale penyewe.
Mwezi wa Mei mlima ulikuwa umejitikisa
ukaangusha bega la kushoto.
Alama zake zilikuwa bado zinang'aa,
moja, mbili, tatu,
kisha hewa,
kisha ya nne, huko chini, juu ya jiwe lililopinduka,
ikiwaelekeza watu mawinguni.

"Njia ya mwongo fupi," nikasema,
nikajuta kabla sijafunga mdomo.
Hakucheka, hakukasirika.
"Hazikuwa na uongo nilipozichora.
Lete kijivu."

Kumbe kijivu ni cha kufutia.
Kumbe kila msimu hupanda nacho,
na kila msimu huomba arudi nalo kopo likiwa zima.
Alizifunika moja moja, taratibu,
kwa kibati kile kile, sentimita kumi kwa kumi,
kona zikiwa kali, rangi ndani ya mpaka,
kana kwamba kuna atakayekuja kukagua
unadhifu wa kitu kisichoonekana.
Kwa ile ya mwisho alimung'unya kitu kwa Kislovakia cha kwao,
cha kijijini, nisichokijua. Sikuuliza.
Ya nne hatukuifikia.

Tukala mkate na jibini la kondoo.
Viumbe wa mashimoni, wanene kama mito ya kulalia,
walituzomea kwa mbinja.
Akafuta kisu kwenye suruali, akaniuliza:
"Ungekuwa hujawahi kuniona,
ungekanyaga wapi?"

Nikayatazama mawe.
Jua likahama kutoka kopo moja hadi la pili.
Nikasema: kushoto, chini ya ule ufa.
Akanyamaza. Nikaenda, jiwe likacheza, nikarudi.
Nikasema: juu, basi, kando ya maji.
Akanyamaza. Nikaenda, nikateleza, nikarudi
na kiwiko chenye damu.
Mara ya tatu sikusema.
Nilikwenda tu, nikasimama,
nikapiga kisigino mara mbili,
na nyuma yangu nikasikia kitu kikiruka hewani:
brashi ya waya, ikagonga itale karibu na mguu wangu,
ikalia.