Mistari Miwili

Fomu ya ustawi wa jamii ina kurasa tatu,
na penye "Sababu za kosa" wameniachia mistari miwili.

Ndahani Mbijima, miaka ishirini na sita,
mkulima wa zabibu, Hombolo.
Alimpiga Sudayi kwa mpini wa jembe
wakidaiana shilingi elfu nne.
Elfu nne tu! alisema karani, akagonga muhuri.

Nimekaa naye Isanga, benchi moja, asubuhi tatu.
Ya kwanza alitazama viatu vyangu.
Ya pili akauliza kama mvua imenyesha.
Ya tatu akasema: baba alikuwa na mkanda,
ulining'inia msumari mmoja na kalenda,
na sisi siku tulizihesabu kwa mkanda.
Kisha akasema zabibu ziliozea shambani, mnunuzi hakuja;
akasema Sudayi alicheka mbele ya watu, kilabuni:
"Mwanamume gani, mkeo anakulisha mlenda wa kukopa?"
"Mkono," akasema, "ulishafika
kabla yangu."

Niandike lipi?
Mwezi wa tano tulipewa semina, ukumbi una kiyoyozi,
mtaalamu akazipanga nchi kama vibuyu:
hii inaua sana, ile haiui,
hapa umaskini, pale bunduki,
kule ukuta wa mwenye nacho unavyomtazama asiye nacho.
Nilinakili yote. Niliitafuta Hombolo kwenye mchoro,
nikakuta Tanzania nzima ni nukta ya bluu.

Na Lusito, kaka mtu, aliuonja mkanda ule ule,
akamngoja mnunuzi yule yule.
Yuko Chang'ombe, anaswaga punda wa maji,
na hata punda hamchapi.
Hilo nalo liingie mstari upi?

Jana Nyendo, mama yake Sudayi, alinikuta mlangoni,
vumbi la safari hadi kwenye nyusi.
Hakulia. Aliliangalia faili kwapani mwangu.
"Huyo umemwandikia kurasa tatu," alisema.
"Wangu ana ngapi?"

Usiku huu upepo unalitikisa bati, taa inapepesa.
Nimeandika: mkanda. Nimefuta.
Nimeandika: njaa, ujimbi, kicheko cha watu. Sijafuta,
ila wino umeuvuka mstari wa pili,
umeteremka
hadi kwenye nafasi ya sahihi ya hakimu.