Pima Maji

Miaka kumi na tisa nimebandika marumaru za watu,
Mbezi, Mikocheni, Masaki kwenye vyoo
vipana kuliko chumba nilichozaliwa.
Magoti yangu yanajua bei ya kila boksi.
Halafu tukapata kiwanja Msongola
nikamwambia Siwema: sakafu yetu itakuwa ya udongo.

Akaacha kupeta mchele.
"Udongo," akasema, wala hakuwa anauliza.
Mama yake alisiriba kila Ijumaa kwa mavi ya ng'ombe,
yeye akishika ndoo, pua kaificha begani,
na shuleni wenzake wakampa jina, Harufu.
"Kule nimetoka kwa miguu yangu, Kondo.
Leo unanirudisha kwa mkono wako?"

Nilikuwa na jibu moja tu, na halikuwa tamu:
kila nilipobandua marumaru za watu nilikuta jasho.
Saruji hunywa kutoka chini, usiku na mchana,
kama mlevi aliyejifungia chumbani,
na mwenye nyumba anapaka rangi ukutani, anapaka tena.

Tukachimba futi moja na nusu.
Kokoto tupu, zilizooshwa, bila punje ya mchanga,
maana maji hupanda ngazi, na mchanga ndiyo ngazi.
Juu yake nailoni nzito.
Juu ya nailoni makumbi ya nazi, magunia kumi na saba
kutoka Stereo, yamechambuliwa, yamekaushwa,
yamechovywa kwenye udongo mwepesi kama uji wa mgonjwa,
na chokaa, ili mchwa wasome wapite.

"Blanketi," Siwema akacheka. "Dar es Salaam!"
Nikamwonyesha kifundo chake cha mguu wa kushoto,
kilichovunjika mwaka ule wa mafuriko,
kinachomwamsha kila Julai saa tisa usiku.
Akanyamaza. Hakukubali. Alinyamaza tu.

Udongo mwekundu wa Pugu, kipimo kimoja.
Mchanga, vitatu. Majani ya mpunga yaliyokatwa
urefu wa kidole. Nilifanya majaribio saba nyuma ya jiko;
sita yalipasuka kama visigino vya kiangazi.
Jirani akapita, akaniuliza kama marumaru zimeadimika mjini.

Udongo upatize ungali maji, tumefundishwa.
Waliosema hivyo walikuwa na watoto akilini.
Huu wangu ulitaka kuachwa,
madirisha wazi, mlango umezibwa kwa benchi,
sisi tukilala jikoni kama wageni wasiotakiwa.
Siku ya sita, ufa:
unywele, kuanzia mlangoni.
Siku ya nane ulipitisha sarafu.

Nikakaa kwenye benchi. Mwiko mkononi.
Mwiko, mkate wangu. Na udongo, mwiko wake,
tangu alipoapa kwenye lile lango la shule.
Sikumwita.
Alikuja na ndoo, kajifunga kanga kifuani,
akakoroga uji wa udongo kwa vidole, akauonja kwa dole gumba,
akaongeza maji kidogo, kiasi ambacho mimi nisingekijua.
Nikampa mwiko. Akaukataa.
Akausiriba ufa kwa kiganja, nusu duara, nusu duara,
kichwa kimeinama, na kuna kitu alikuwa akikihesabu
kwa sauti ya chini, kama mtu anayefuata mwingine.
Sikuuliza ni nani.

Mafuta ya kitani, mipako minne,
ya mwisho ikinywewa polepole kuliko ya kwanza.
Kisha nta. Sakafu ikawa na rangi ya chai ya rangi iliyopoa.

Nimeweka pima maji katikati ya chumba:
kiputo kimeondoka mstarini, upana wa ukucha.
Masaki wangenikata pesa.
Hapa Chande, mtoto wa dada yake,
ameshajua kwamba kila gololi ikipotea
iko chini ya cherehani. Huko ndiko zinakokwenda zote.

Usiku, Julai, saa tisa,
nasikia Siwema ameamka. Nasubiri akisugue kifundo.
Anashusha mguu, anaukanyagisha chini, anauacha pale.
"Umepinda," ananiambia gizani.
"Upande wa kwangu umenyooka."