Ndoo Nyingine

Weka chini hiyo bunduki ya eksirei, Vojtěch.
Betri imekufa kwa baridi, kama wiki jana,
na lori la Oldřich limeshamwaga
tani sita za vyuma juu ya theluji:
valvu, fito, masinki ya hospitali,
shafti ya pampu iliyokunywa asidi miaka thelathini
isipate hata doa la kutu.

Anza na sumaku. Kinachong'ang'ania, kushoto.
Kinachoikataa, kipe heshima,
huenda mna nikeli ndani yake.
Ila usiiamini sumaku peke yake,
inajua maneno mawili tu.

Sasa jiwe. Gusa kidogo, usikandamize.
Chuma cha kawaida hurusha cheche nyeupe,
zapasuka matawi matawi,
kama mtu aliyepokea mshahara leo.
Nikeli ni bahili: cheche fupi, ya chungwa,
imekwisha kabla hujaiita.
Molibdeni huacha ncha ya mkuki mwishoni,
imejitenga na mstari wake
kama abiria aliyeachwa na treni.
Tungsteni nyekundu, hafifu, karibu haipo.
Hiyo ndiyo niliyoipenda kwanza.

Unauliza kwa nini tusitupe vyote tanurini,
si vyote chuma?

Kromi ikikutana na oksijeni
huungua, huelea juu, huwa mavi ya chuma,
na mafundi huibembeleza kwa silikoni
mpaka ikubali kushuka.
Nikeli haiungui. Hapo ndipo balaa lilipo.
Ikiingia pasipo pake, kwenye nondo za maghorofa,
hukaa humo, nusu ya robo, robo ya nusu,
haina kazi, haina jina,
na fundi wa kuitoa hajazaliwa.

Dada yangu Květa alipiga fidla.
Akaolewa kwenye ukoo wa watu kumi na wanane.
Yumo bado, mzima, anamenya viazi.
Waulize habari za fidla,
watakutazama hivyo hivyo.

Haya, hiki cha mwisho. Keekee iliyovunjika.
Jiwe likalia. Cheche nyekundu,
nikasema tungsteni, nikanyoosha mkono kwenye ndoo,
na mvulana, ambaye muda wote huo
alikuwa ameipasha moto betri kwapani,
akaiwasha bunduki yake, akasoma, akasita.

"Mama Bohumíra. Na kobalti. Asilimia nane."

Nikakigeuza kipande kile kwenye glovu.
Miaka ishirini na sita
nimekuwa nikikirushia ndoo ya tungsteni
nikijisifu kwa jicho langu.
Theluji ilikuwa inaanza tena,
ikitua juu ya kila rundo bila kubagua.

Lete ndoo nyingine, nikamwambia.
Na chaki. Tuandike jina lake.